Uzi Uliomshika Mbasa

Baba mdogo alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa, na swali lake la kwanza halikubadilika: "Mashine haijambo?" Nikishajibu kwamba haijambo, ndipo aliulizia habari zetu sisi, watoto wa kaka yake.

Mashine yenyewe ilikuwa cherehani ya ngozi, ya kukanyaga, aliyotuachia baba. Ni nyeusi, na ni nzito kuliko inavyoonekana. Baada ya mazishi, wanaume walipoihamisha kutoka kibanda chake cha sokoni hapa Mbinga hadi barazani kwetu, walikuwa wakiitua kila baada ya hatua chache, na mmoja wao akafuta jasho akasema, "Marehemu mwenyewe alikuwa mwepesi." Watu walicheka, halafu wakakumbuka kuwa ni msibani.

Baba mdogo anaishi Kigonsera, analima kahawa, na cherehani kama cherehani hakuwa na haja nayo. Alichopenda ni miguu yake. Ni miguu ya chuma cha kumimina, mipana, haiyumbi hata ukiisimamisha juu ya mawe. Kila alipokuja kwetu alichuchumaa, akaipima kwa shubiri, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona kuku mnono wa jirani. Alikuwa na mashine ya kumenya kahawa ambayo ilikaa juu ya magogo na kurukaruka kila ilipozungushwa, na alishaamua moyoni kwamba mashine ile na miguu ile viliumbiwa kuoana.

Siku ya kuanua matanga, ukoo ulipokaa kugawa vitu, alisimama akasema, "Mtoto wa kike na cherehani ya ngozi, wapi na wapi?" Shangazi yetu, ambaye husema mara moja tu kisha anarudi kwenye ugoro wake, akamjibu, "Ng'ombe hukaa kwa anayemkamua. Mwacheni nayo."

"Na akikauka?" baba mdogo akauliza.

"Akikauka, mchukue."

Huo ndio ulikuwa mkataba. Mashine ikishona, ni yangu. Siku itakayogoma, miguu inakwenda Kigonsera, na kichwa kinauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, mama alitangulia kabla ya baba, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wawili: wa kiume aliyekuwa shule ya bweni, na wa kike niliyebaki naye nyumbani. Wote walikula kutokana na kile chuma. Kwa hiyo niliikanyaga.

Wateja walichelewa kuzoea. Mtu aliingia barazani na kiatu kilichofumuka mdomo, akanitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Mdogo wangu alikuwa na jibu kwa kila mmoja. Aliyekuwa mpole aliambiwa, "Ndiye huyo." Aliyekuwa na majivuno aliambiwa, "Amekwenda kunyoa ndevu, atarudi sasa hivi."

Kazi niliijua kwa kumtazama baba tangu nikiwa mdogo, na kila alichofanya, nami nilifanya. Alipaka mafuta kwanza, ndipo akakaa. Nami hivyo hivyo. Kabla ya kutunga uzi mpya kwenye sindano, alikuwa na desturi yake: aliushika kwa ncha za vidole vya mikono miwili, akausokota taratibu, huku ameinua uso akitazama bati. Kisha alisema, "Haya," akautunga. Sisi watoto tuliamini ni sala fupi, au ni namna ya kuiamkia mashine. Nami nilipoirithi kazi sikuiacha desturi ile. Kila uzi mpya niliushika, nikausokota, nikatazama bati, nikasema, "Haya." Nilijisikia kama yupo.

Mwaka uliofuata, mavuno yalipokwisha, walikuja wageni kutoka Lipingo, kule ziwani. Mmoja alikuwa mrefu, mashavu yake yamejaa kwa kupuliza kibuyu. Mwingine alivaa koti jeupe lililopauka na shingoni ametundika kipande cha mpira wa baiskeli chenye kibuyu kidogo mwishoni. Walikuwa Kepteni na Daktari wa kikundi cha mganda. Mtu asiyeujua mganda ajue tu kwamba ni ngoma ya gwaride: wanaume wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wamejipanga mistari, na kila mmoja ana cheo chake, kuanzia Kingi hadi Daktari, ambaye kazi yake ni kupita katikati ya wachezaji akiwapima mapigo ya moyo wasije wakacheza wakiwa wagonjwa.

"Fundi yuko wapi?" Kepteni akauliza.

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikamwahi. "Ni mimi."

Walitaka mikanda ya ngozi nyeupe kwa kikundi kizima, ya kiunoni na ya kukatiza kifuani, kwa ajili ya mashindano na kijiji jirani. Kepteni alieleza sababu kwa sauti ya chini kama anayetaja ugonjwa wa aibu. Mashindano yaliyopita walishona mikanda kwa fundi mwingine. Kingi wao alitoka mbele ya wageni, akapiga mguu chini, na alipoinua mkono kupiga saluti, mshono wa mkanda ukaachia.

"Kaptula ikashuka," akasema Kepteni.

"Kabla ya saluti," akasema Daktari. "Kama ingekuwa baada, ingevumilika."

"Wale jirani wakatunga wimbo pale pale. Mpaka leo wanawake wanauimba wakianika dagaa wa usipa."

Ndiyo maana safari hii walikuja na uzi wao. Kepteni alitoa mfukoni bonge la uzi mweupe, mnene, laini. Wazee wa Lipingo huchukua nyuzi nyembamba za nailoni na kuzisokota pamoja juu ya paja, wakatengenezea nyavu zao. Aliuzungusha kwenye ngumi zake mbili akauvuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Haukukatika.

"Uzi wa mjini sisi hatuutaki tena," akasema. "Uzi huu umemshika mbasa, dada. Mbasa, samaki yule anayepigana. Je, utashindwa na kiuno cha Kingi?"

Sikuwa na hoja ya kumpinga mbasa. Walipoondoka niliushika ule uzi kwa vidole, nikausokota, nikatazama bati, nikasema, "Haya," nikautunga.

Mashine ilishona kama urefu wa kidole, ikaanza kuruka. Ilishika, ikaacha, ikashika, ikaacha mbili. Mishono ilikaa mbalimbali kama mashimo ya ngoro, yale wanayochimba wakulima wetu mlimani. Kisha uzi ukaanza kuchanika karibu na sindano, ukajitandaza vinyweleo, ukajikusanya kama manyoya ya kifaranga, ukakatika.

"Si ulimshika mbasa?" mdogo wangu akauambia ule uzi.

Nilianza na sindano, kama baba alivyoanza siku zote. Niliitoa, nikaweka mpya, mfereji wake mrefu ukiwa upande unakoingilia uzi. Ikaruka. Nikakaza skrubu inayobana uzi wa juu. Uzi ukalia kama waya wa zeze, ukakatika. Nikalegeza, chini ya ngozi vikatokea vitanzi vilivyomwagika kama usipa kwenye mkeka. Nikatoa bobini, nikasafisha mavumbi ya ngozi kwa brashi ya meno iliyostaafu. Nikaongeza uzito wa mguu unaokandamiza ngozi, nikapunguza, nikaongeza tena. Nikapaka mafuta mahali ambapo hata haikuhitaji, mpaka yakaacha alama kwenye ngozi nyeupe na ikanibidi nikate kipande kingine.

Uzi sikuushuku hata mara moja. Ningewezaje kuushuku? Kila niliyemweleza shida yangu aliuvuta kwanza kwa mikono yake, akashindwa kuukata, akautoa hatiani. Mama muuza mandazi wa jirani aliuvuta kwa meno, akasema, "Uzi mzima kabisa. Mashine hiyo inamlilia mwenyewe." Akanishauri tuiombee misa.

"Tukiipeleka kanisani," mdogo wangu akamwuliza, "nani atabeba?"

Mwisho nilifika mahali ambapo baba hakuruhusu hata vumbi pasipo ruhusa yake: ndoano ya chini, kile kidude kinachozunguka chini ya bamba na kunyakua uzi wa sindano ili ufungane na wa bobini. Nililegeza skrubu yake, nikaisogeza kidogo, nikakaza. Hali ikawa mbaya zaidi. Nikairudisha, au nilidhani nimeirudisha. Sasa haikushika hata mshono mmoja.

Siku ile ile Kepteni na Daktari wakapita kuangalia kazi ilipofikia. Waliona ngozi nyeupe sakafuni, nami mikono imejaa mafuta mpaka viwikoni. Kepteni alitazama uzi kwanza. "Usiuguse uzi," akasema. "Uzi hauna kosa." Daktari akavua kofia, akaweka ule mpira wa baiskeli masikioni na kibuyu kwenye ubavu wa mashine.

"Mkanyage," akamwambia mdogo wangu.

Mdogo wangu akakanyaga.

"Taratibu. Sasa mwache apumue." Akasogeza kibuyu. "Mkanyage tena. Hapa kuna kitu. Mgonjwa huyu ana wasiwasi."

"Atapona?" mdogo wangu akauliza, uso hauna hata chembe ya kicheko.

"Asinyweshwe mafuta zaidi," akasema Daktari, akavaa kofia yake. Lazima niseme kwamba, katika ushauri wote nilioupata, wake ndio pekee ambao haukuniharibia kitu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikuwa chini ya meza na bisibisi mdomoni simu ilipoita, na mdogo wangu akapokea.

"Shikamoo, baba... Mashine? Mashine inakohoa."

Nilitoka chini ya meza nikagonga kichwa. Alikuwa ameshakata. "Sikusema imekufa," akajitetea. "Nimesema inakohoa. Mtu anakohoa na anaishi."

Lakini kwa baba mdogo kukohoa kulitosha. Asubuhi iliyofuata alishuka kwenye pikapu iliyoleta viroba vya mahindi mjini, begani ana kamba mpya iliyoviringishwa vizuri. Dereva alisema anapakua mzigo sokoni, anarudi. Tukamwamkia. Aliitikia huku amekwisha kuchuchumaa, shubiri yake kwenye mguu wa mashine.

"Pole, mwanangu," akaniambia. "Si kosa lako. Vyuma navyo huzeeka."

"Haijafa, baba."

"Shona nione."

Nikakanyaga. Sindano ilipanda na kushuka, ngozi ikapita chini yake, ikatokea upande wa pili na matundu matupu, safi, yamepangana vizuri sana.

"Inatoboa vizuri," akasema baba mdogo kwa huruma. Akaanza kufungua kamba.

Nilimwomba angoje gari lirudi. Alikubali, kwa sababu hata hivyo hakuwa na la kufanya bila gari, akaagiza chai na mandazi kwa jirani. Mimi nilikata kipande cha uzi, ili nianze upya, na kwa mazoea nikaushika kwa vidole, nikainua uso.

Mdogo wangu, ambaye akiwa na hofu hutania, akachukua kipande kingine akasimama nyuma yangu kuniigiza. Yeye uzi wake aliuokota sakafuni. Kilikuwa kipande cha uzi wa zamani, wa baba, kilichobaki kwenye kiatu tulichofumua. Aliusokota, akainua kidevu, akageuza macho juu kama sanamu ya mtakatifu. "Haya," akasema kwa sauti ya baba. Kisha, kwa kuwa yeye hana adabu ya kutosha kuendelea kutazama bati, akatazama mikono yake. Akatazama na yangu.

"Dada. Wako unafumuka."

Nikashusha macho. Uzi wa Lipingo ulikuwa umefunguka katikati ya vidole vyangu, nyuzi zake tatu zimeachana kama msuko wa nywele uliofumuliwa. Nikachukua wa kwake. Nikausokota upande ule ule, kwa vidole vile vile. Ukakaza, ukawa mgumu kama kijiti.

Nilikaa chini kwenye kigoda. Uzi wa mashine husokotwa upande mmoja, na huu wazee wa Lipingo waliusokota juu ya paja kwenda upande mwingine. Kwa wavu, upande haujalishi, mbasa haulizi. Lakini kwenye sindano, uzi hupita kwenye tundu ukipanda na kushuka mara nyingi kabla ya kukaa kwenye ngozi, na mashine huuzungusha kidogo kila mara. Uliosokotwa upande wake hujikaza. Uliosokotwa kinyume hujifungua, na ndoano inapokuja kunyakua kitanzi, inakuta kichaka. Hicho ndicho baba alichokuwa akikipima. Vidole ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi. Macho hayakuwa na kazi, ndiyo maana aliyapumzisha kwenye bati. Mimi nilirithi bati.

"Kwa hiyo haikuwa sala," mdogo wangu akasema.

"Baki na baba. Asifunge kamba."

Nilikimbia hadi duka la vifaa vya ushonaji, karibu na soko. Mwenyewe ni mzee ambaye babu zake walitoka pwani, na anauza kila kitu kwa utulivu. Nilimwamkia, nikaomba uzi mnene mweupe wa mashine, nikausokota pale pale kaunta, safari hii nikiwa nimeukodolea macho. Ukakaza. Nikashusha pumzi.

"Marehemu naye alikuwa hivyo hivyo," akasema mzee. "Anausokota, anatazama dari yangu. Mimi nikadhani anahesabu utando wa buibui. Nikawa kila nikimwona anakuja, nafagia dari."

Niliporudi, baba mdogo alikuwa amekwishafunga kamba kwenye miguu miwili, na mdogo wangu amekaa juu ya kanyagio akimsimulia habari ndefu za shule zisizo na mwisho. Nikatunga uzi mpya, nikakanyaga. Matundu matupu.

Baba mdogo akameza mandazi. "Umejaribu, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo. Nilikuwa nimemtibu mtu mzima mpaka akaugua kweli. Ndoano haikuwa mahali alipoiacha baba, na hakuna uzi duniani ambao ungelisahihisha hilo.

Nikalala chali chini ya meza. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Sindano ikishuka hadi mwisho na kuanza tu kupanda, uzi wake huachia kitanzi kidogo karibu na tundu, na ncha ya ndoano inapaswa kupita hapo hapo, juu kidogo ya tundu, karibu kabisa na sindano bila kuigonga. Ikiwahi, inakuta kitanzi hakijazaliwa. Ikichelewa, kitanzi kimekwenda zake. Yangu ilikuwa inawahi. Nililegeza skrubu, nikairudisha nyuma kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti, nikakaza, nikazungusha. Bado. Nikalegeza tena. Nje nikasikia honi ya pikapu.

"Gari hilo," akasema baba mdogo.

"Dereva anakunywa chai," akasema mdogo wangu, na alipotoka kwenda kumwambia dereva anywe chai, likawa kweli.

Nikazungusha gurudumu. Ncha ilikuja, ikapita juu ya tundu, ikachukua kitanzi kama mtu anayeokota shanga kwa kucha. Nikakaza. Nikazungusha tena kuhakikisha, kwa kuwa sikuwa na imani na furaha yangu. Ikachukua tena.

Nilitoka chini ya meza. Nikashona mkanda mmoja mweupe kutoka mwisho hadi mwisho, na mishono ikakaa imebanana kama punje za mahindi. Nikampa baba mdogo. Aliuvuta, akaukunja, akauleta karibu na jicho.

"Ngozi hii ni laini," akasema. "Hata cherehani ya nguo ingeishona." Akajifungua mkanda wake mwenyewe, mkanda mzee, mgumu kama gome la mti, akaukunja mara mbili mahali pa bizimu. "Shona huu. Ukipita, nakwenda."

Nikauingiza chini ya mguu unaokandamiza ngozi. Nikaanza kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikazama, ikatoka, ikazama. Kisha nikakanyaga. Mashine ilinguruma sauti yake ya zamani, ile niliyokuwa nikiamkia utotoni. Baba mdogo alisimama pembeni, mkono mmoja ameshikilia suruali, akitazama mkanda wake ukishonwa. Dereva akaja mlangoni na kikombe chake, akauliza mzigo ni upi. Baba mdogo akainua mkono wa pili kumpungia asubiri.

"Baba," mdogo wangu akamwambia kwa upole, "usipige saluti."

Hakuelewa kwa nini nilicheka mpaka nikashindwa kukanyaga. Lakini mkanda ulikuwa umekwisha. Aliuvaa, akavuta tumbo, akaachia tumbo, mshono ukashika. Akainama, akaifungua kamba yake kwenye miguu ya mashine, polepole, akaiviringisha, akaiweka begani.

Uzi wa Lipingo sikuutupa. Niliujaza kwenye bobini, kwa kuwa wa chini haupiti kwenye tundu la sindano, hautaabiki sana ukisokotwa kinyume. Kepteni alipokuja kuchukua mikanda alikunja uso kuona uzi wa mjini kwa juu. Nikaigeuza nikamwonyesha upande wa tumbo.

"Wa mjini ni wa kutazamwa," nikamwambia. "Wenu ndio uko chini."

"Kama nanga," akasema Kepteni, akaridhika. Daktari aliuliza mgonjwa aliendeleaje, tukamwambia amepona. Alisema alijua. Na kaptula ya Kingi, tulivyosikia baadaye, ilibaki mahali pake kabla ya saluti na baada ya saluti.

Siku hizi nikishika uzi mpya, mdogo wangu hupiga kelele kutoka popote alipo, hata kama ana moshi wa jikoni machoni: "Uzi, dada! Siyo bati!"

Na Jumapili, baada ya misa, simu huita.

"Mashine haijambo?"

"Haijambo, baba."

"Inashona?"

"Inashona."

Nyuma yake nasikia mashine ya kumenya kahawa ikirukaruka juu ya magogo.

"Na miguu yake?"

"Nayo haijambo."

"Haya," husema. "Na ninyi?"